Saa za Watoto Wetu Zinapotea Hivihivi

Jamani, hili la saa za chekechea linaniuma, na leo nalisema bila kumung'unya maneno. Hapa Uingereza watoto wetu wana haki yao, na wazazi wengi tunaikimbia kwa sababu ya hofu ya visa.

Juzi hapa nje kwa kinyozi, mahali tunapokaa kila Jumamosi kupiga soga, alipita dada mmoja anayefanya kazi ya kutunza wazee. Katoka shifti ya usiku, macho mekundu, kamshika mtoto mkono. Mtoto ana miaka mitatu na ushee. Shangazi mmoja akamuuliza, "Mwanangu, huyu anasoma wapi?" Akajibu, "Hasomi, shangazi. Visa yangu imeandikwa nisiguse fedha za umma. Sitaki kugombana na watu wa uhamiaji."

Kijiwe kizima kikasonya. Hatukumsonya yeye. Tulimsonya aliyemjaza maneno hayo, maana kamnyima mtoto mihula mizima.

Sikilizeni. Huku England, kila mtoto wa miaka mitatu na minne ana saa 15 za bure kwa wiki, kwa wiki 38 za mwaka. Hapo haitazamwi visa, haitazamwi kazi, haitazamwi mshahara. Ni elimu, kama ilivyo shule ya msingi ya serikali, na haimo katika hizo fedha za umma zilizokatazwa kwenye visa. Huombi namba yoyote mtandaoni. Unakwenda chekechea penyewe na cheti cha kuzaliwa au pasipoti ya mtoto, unajaza fomu yao, unatia saini. Nafasi ikiwapo, basi.

Tena kuna jambo wasilolijua wengi zaidi. Mtoto wa miaka miwili, hata wazazi wake wakiwa na katazo hilo la visa, anaweza kupata saa 15 kama kipato cha nyumba ni kidogo. Kwa familia ya London yenye mtoto mmoja kikomo ni pauni 34,500 kwa mwaka baada ya kodi, na akiba isizidi pauni 16,000. Nje ya London kikomo kiko chini ya hapo. Hili linaombwa halmashauri, na karatasi zake ni nyingi: hati za mshahara, taarifa za benki, barua za visa. Lakini linaombeka.

Visa inapouma kweli ni kwenye saa 30. Tangu Septemba 2025 mtoto wa wazazi wanaofanya kazi anazipata kuanzia miezi tisa. Kila mzazi awe na kipato kisichopungua saa 16 za kima cha chini cha mshahara kwa wiki, na kisizidi pauni 100,000 kwa mwaka. Kisha angalau mzazi mmoja awe raia, au mwenye ukaazi wa kudumu, au visa isiyo na lile katazo. Sasa yule dada anayewageuza wazee kitandani saa tisa za usiku, anayekatwa kodi kama wengine, yuko nje. Na nyumba yenye wazazi wawili, kila mmoja akipata pauni 90,000, imo ndani. Mnaniambia hiyo ni haki? Na mama aliyekosa kazi, atatoka vipi kuitafuta na mtoto wa mwaka mmoja kiunoni? Scotland wao kila mtoto wa miaka mitatu na minne anapata saa 1,140 kwa mwaka, bila kumuuliza mzazi anafanya kazi gani. Kumbe inawezekana!

Na wale wanaostahili saa 30, wengi wanaangushwa na tarehe. Saa haziji siku mtoto anapotimiza umri. Zinakuja mhula unaofuata: Januari 1, Aprili 1 au Septemba 1. Hapa kijiweni kuna dereva wa basi ambaye mwanawe alitimiza miezi tisa Aprili 3. Siku tatu tu hizo, akasubiri mpaka Septemba huku akilipa kutoka mfukoni. Na namba ya tarakimu 11, unayoiomba mtandaoni kwa ajili ya saa hizo 30, sharti uwe nayo kabla mhula haujaanza, kisha kila miezi mitatu uingie kwenye akaunti yako uthibitishe upya. Ujumbe wa kukumbushwa unakuja kwa barua pepe, unazama katikati ya matangazo ya biashara. Ukisahau, namba inakufa. Ndugu zangu, wekeni alamu kwenye simu.

Wenye kujiajiri nao wasijitoe mapema. Dada anayesuka nywele, kama kazi yake haijatimiza mwaka tangu aanze, habanwi na kile kima cha chini cha kipato cha saa 30.

Bili ya chekechea nayo msome. Saa ni za bure, ila chakula na nepi wanaweza kutoza, na malipo hayo yanapaswa kuwa ya hiari. Mkiona mzigo mmoja wa pesa usio na maelezo, ulizeni mchanganuo. Msione haya.

Mzee mmoja alitupinga pale pale. "Sisi tulilelewa na bibi, chekechea ya nini?" Namheshimu mzee wangu, lakini bibi yuko Tanga. Hapa kuna chumba cha ghorofa ya sita, mama analala mchana kwa sababu usiku alikuwa kazini, na mtoto anakodolea simu. Huyo huyo akifika darasa la kwanza kabisa, akiwa na miaka minne, hajawahi kugombea tofali la kuchezea na mwenziwe. Kiswahili atakipata nyumbani, na tumpe kwelikweli. Michezo na wenzake hawezi kuipata kitandani kwa mama.

Kwa hiyo, mwenye mtoto atakayetimiza miaka mitatu kufikia Desemba 31, piga simu chekechea wiki hii uulize nafasi ya Januari. Beba cheti cha kuzaliwa. Na ukimjua dada au shemeji mwenye hofu kama ya yule, mwambie leo kwamba saa 15 za mtoto wake hazitazami visa.