Pilipili ya Kambo

Hapa Sakania malori ya shaba hulala barabarani yakingoja forodha. Dereva akipiga honi usiku wa manane, mtaa mzima huamka, isipokuwa kitinda mimba wetu. Yeye hutia gumba mdomoni, akalivuta kama mzee mwenye kiko, usingizi ukaendelea.

Mama yangu, ambaye watoto humwita Kambo, alipovuka mpaka kutoka upande wa Ndola kuja kutusalimia, jambo hilo lilimkera. Miaka minne, na bado ananyonya kidole! Jioni, tulipokwisha kula bukari, akatwanga pilipili, akampaka mtoto lile gumba la kulia, kisha akanawa mikono yake vizuri sana. Mtoto akaonja, akakunja uso, akatafuta pa kujifutia. Palipokuwa karibu ni jichoni mwangu.

Nilizunguka uani nikitafuta ndoo ya maji, nikipiga mayowe hadi jirani mmoja akaja kutoa pole ya msiba. Niliporudi ndani, mtoto alikuwa amelala fofofo, kidole mdomoni. Cha kushoto.

“Pole, baba,” mama akaniambia. “Kesho tutapaka vyote viwili.”

Mimi namtetea mtoto. Kunyonya kidole huanza tumboni mwa mama, kabla jino lolote halijaota, na wengi huacha wenyewe kati ya miaka 2 na 4. Kesi huwa nzito kwa anayeendelea mpaka meno ya kudumu yanapoanza kuota, kwenye miaka 6 hivi. Ya juu hujitokeza mbele, ya chini hulalia nyuma, kaakaa huwa jembamba. Mbele hubaki mwanya: akiuma muhindi wa kuchoma, punje za katikati husalimika.

Tetini, ile chuchu ya bandia, ajabu, hakuna anayeishtaki. Inachovywa kwenye sukari ili mtoto anyamaze, inaanguka kwenye vumbi la malori, mkubwa anailamba na kuirudisha. Sukari ile ndiyo inayoozesha meno, na mate ya mkubwa huleta vijidudu vyake. Kuichovya kwenye asali nako ni hatari kwa mtoto asiyetimiza mwaka, wala si kwa meno tu. Sifa moja ya tetini ni kwamba huweza kupotea. Gumba, mtoto huenda nalo shuleni.

Ndugu wazazi, pilipili iacheni kwenye sombe. Msifuni mtoto siku asiponyonya, mpeni kitu cha kushika wakati wa kulala, na akikaribia miaka sita hajaacha, mpelekeni kwa daktari wa meno.