Bucha Iliyogeuka UCHA

Risiti ya kwanza ilitoka imeandikwa NGΓÇÖOMBE, kilo 2. Mwenye bucha akaisoma, akaisogeza mbali na macho, akaisoma tena.

"Fundi, hii ni nyama ya nani?"

Hakuwa anatania. Mteja alikuwa amesimama pale na mfuko wake, naye anasubiri jibu. Kosa lilikuwa la ritifaa. Orodha ya bei iliandikwa kwenye simu, na baadhi ya simu huweka ritifaa iliyopinda, ambayo katika mfumo wa herufi wa UTF-8 hubebwa na baiti tatu. Printa ya risiti haina habari hizo. Ikiwashwa, kwa kawaida hufuata jedwali la herufi namba 437, lililokuja na kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, na humo baiti hizo tatu ni herufi tatu kamili: Γ, Ç na Ö. Fundi akarudisha ritifaa iliyonyooka, namba 39, ng'ombe akawa ng'ombe.

Kazi ingeishia hapo kama mzee asingesikia kwamba printa inayofuata amri za ESC/POS inaweza kufundishwa herufi mpya. Akataka kichwa cha ng'ombe juu ya risiti, baada ya jina la bucha.

Herufi ya kawaida ina nukta 12 kwa upana na 24 kwa kimo. Kila mstari wa wima hula baiti tatu, kwa hiyo ng'ombe mzima ni baiti 36. Fundi alichora kwenye daftari la hesabu, lile la vijumba. Pembe zikikaa vizuri, masikio yanakosa nafasi. Masikio yakipata nafasi, anatokea bundi.

Printa ikishaambiwa itapewa baiti 36, itazichukua 36, ziwe zimetoka wapi. Fundi akatuma 35. Ya mwisho ikachotwa kwenye maandishi yaliyofuata, yaani neno BUCHA. Herufi B, namba 66, ikageuka nukta mbili chini ya shavu la ng'ombe, na risiti ikaanza na UCHA. Mzee, mtu wa swala tano, hakuona ubaya wowote.

Ubaya aliuona baadaye. Herufi mpya haijengewi chumba chake. Hukalia nafasi ya herufi iliyopo, kati ya namba 32 na 126. Fundi alimkalisha ng'ombe kwenye Q, kwa hoja kwamba Kiswahili hakiihitaji. Hoja nzuri darasani. Mtaani wamejaa kina Qassim, na risiti zina sehemu ya jina la mteja.

"Kijana, unanifukuzia wateja!"

Ng'ombe akahamishiwa kwenye ~, namba 126. Jioni umeme ukakatika, uliporudi hayupo: herufi za kuchora hukaa kwenye kumbukumbu inayofutika printa ikizimwa. Amri ya ESC @, ambayo programu nyingi huituma mwanzoni mwa risiti, nayo huzifuta. Sasa mchoro hutumwa upya kila risiti, mara tu baada ya amri hiyo.

Ukitaka kumwongezea ng'ombe wako nembo ya duka kwa amri ya GS *, soma kwanza kitabu cha printa yako. Zipo zisizohifadhi vyote viwili: nembo ikiingia, herufi ulizochora zinafutwa.