Bahari Iko Mtumba
Wizara ya uvuvi iko Mtumba, Dodoma, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Maji ya chumvi hayafiki huko; ripoti zinafika. Mtafiti wetu wa bahari naye hupimwa kwa kipimo alichobuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: ukiwa na makala 20, kila moja imenukuliwa walau mara 20, basi wewe ni 20. Hongera, daktari! Nani kakunukuu? Wenzako wa ughaibuni, na wewe mwenyewe, tena kwa unyenyekevu mkubwa. Mvuvi wa Kunduchi bado. Makala ni ya Kiingereza na mlangoni pa jarida wanadai dola. Soko la Majengo, mama mmoja kafunga dagaa kwenye karatasi yenye jedwali la makala hiyo. Huyo mama, angalau, kaitumia.