Kasala ya Injini Isiyowaka

Katika nchi ya Waluba, ambayo Kamina ni mmoja wa miji yake mikubwa na tangu 2015 ni makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami, mtu anayestahili heshima huimbiwa kasala, yaani utenzi wa sifa unaotaja nasaba yake, matendo yake na taabu alizozivumilia, na ambao husikika mbele ya walio hai kama unavyosikika matangani. Kitu kimoja kinachozitimiza sifa zote hizo, kwa kuwa kina nasaba, kina matendo, kina taabu, na hakuna anayejua kwa hakika kama ki hai au kimekufa, bado hakijapata msifu wake: nacho ni injini mbovu ya gari la kwanza la mtu, gari kuukuu lililonunuliwa kwa akiba ya miaka mingi, likaegeshwa chini ya mwembe, na tangu siku hiyo likawa likitengenezwa uani na mwenyewe. Upungufu huo ni aibu kwa elimu, na kurasa hizi zinakusudia kuuondoa.

Kwa mujibu wa ada, nasaba hutangulia. Injini inayosifiwa hapa ni ya Peugeot 404, gari lililotolewa Ufaransa mwaka 1960, lenye injini ya mitungi minne na ya sentimita za ujazo 1,618, iliyolazwa upande kwa nyuzi 45 kama mzee anayepumzika kwenye kiti cha uvivu. Ndugu zake walishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mara nne: Nick Nowicki alishinda mwaka 1963 na tena 1968, na kati ya miaka hiyo Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda mwaka 1966 na 1967. Mwaka 1963 na mwaka 1968, ingawa magari mengi yalianza mbio, yaliyofika mwisho kila mara yalikuwa 7 tu, mengine yakibaki njiani katika matope na makorongo. Ukoo wa namna hiyo hauna haja ya kujithibitisha tena kwa kutembea, na injini ya Kamina, kwa adabu ya mtoto anayewaachia wakubwa sifa zao, haitembei.

Fadhila zake ndogo zitajwe kwa haraka. Inafundisha hesabu, kwani mitungi yake huwaka kwa mpangilio wa 1, 3, 4, 2, na mtoto aliyeukariri akiwa ameshika tochi huku baba yake akitukana chini ya boneti hukua akijua kwamba duniani zamu haifuati foleni. Inafuga kuku, ambao wameona kiti cha nyuma kuwa mahali pa heshima pa kutagia. Inampa kila mpita njia shahada ya udaktari: shemeji anasema ugonjwa ni kabureta, mchungaji anasema ni betri, mstaafu wa reli anasema mashine zote zimeharibika tangu mvuke uachwe, na kati ya madaktari hao wote hakuna hata mmoja anayekubali kushika spana. Inakuza lugha pia, kwa sababu mafundi wa Kamina, ambao msamiati wao wa kazi umetoka Kifaransa, hukiita kichwa cha injini kulasi, plagi huiita buji, na yale mapipa ya chuma yanayovishwa ndani ya bloki ili pistoni zipande na kushuka humo huyaita shemizi, neno ambalo kwa Kifaransa maana yake ni shati. Kuna nyumba ambamo injini imevaa shati jipya mara nne kabla ya mwenye nyumba kupata la pili.

Fadhila kuu, ambayo peke yake ingejaza kitabu, ni utulivu. Aristotle alifundisha kwamba chanzo cha mwendo wote lazima chenyewe kiwe kitu kisichosogea, na wanazuoni wamehangaika kwa zaidi ya miaka 2,000 kutafuta kitu hicho mbinguni, ilhali kipo Kamina chini ya mwembe. Gari halisogei, lakini kwa ajili yake watoto wanakimbia kuazima spana ya kumi na saba, pikipiki za taksi zinakwenda na kurudi sokoni zikibeba kipuri kisichofaa na kukirudisha, mke anapelekwa kwa kaka yake kuomba mkopo, na treni yenyewe, katika mji huu ambapo njia ya Ilebo na njia ya Kalemie zinaachana, inasubiriwa kwa siku nyingi kwa sababu ndani yake kuna bahasha yenye jointi, yaani gasketi, kutoka Lubumbashi. Hakuna gari linalotembea lililowahi kusogeza watu wengi kiasi hicho.

Utulivu huo una matawi. Tawi la kwanza ni uchumi, kwa kuwa gari lisilowaka halinywi petroli, na mwenyewe anaweza kusikia bei ya lita ikipanda kwa moyo mweupe. Tawi la pili ni amani ya ukoo: gari linalotembea ni mali ya jamaa wote, litabeba mgonjwa wa baba mdogo, mifuko ya saruji ya binamu na maiti ya mtu ambaye nasaba yake inabidi ielezwe njia nzima, ila gari lililolala ni la mwenyewe peke yake. Tawi la tatu ni afya ya springi, ambazo chini ya mwembe hazijui shimo wala tuta. Tawi la nne, lililo bora kuliko yote, ni uhuru mbele ya bariyeri, yaani ule mti au kamba inayolazwa barabarani ili msafiri alipe kabla ya kupita: gari lisilokwenda haliwezi kusimamishwa. Falme zimepiganiwa kwa uhuru mdogo kuliko huo.

Tawi hili la nne, hata hivyo, limekatwa. Mkusanyaji wa kodi aliingia uani kwa miguu, akazunguka gari lisilo na kulasi, kuku wakatoka kumpisha, naye akadai vinyeti, ile karatasi ya kodi ya mwaka inayobandikwa kwenye kioo cha mbele. Alipoelezwa kwamba injini imo ndani ya sufuria tatu na karai moja, alijibu kwa upole wa mtu asiye na haraka: “Papa, mutuka ni mutuka, hata kama inalala.” Inawezekana sheria iko upande wake. Lakini kodi ya gari hulipwa kwa sababu gari huchakaza barabara, na haijawahi kuelezwa ni barabara ipi inayochakazwa na gari lililoegeshwa juu ya matofali, wala, kwa kweli, ni barabara ipi iliyobaki ya kuchakazwa.

Barabara ya Taifa Namba 1, inayoanzia Banana kwenye bahari ya Atlantiki na kupitia Kamina kuelekea Lubumbashi, ipo kwenye ramani kwa mstari mnene mwekundu. Msimu wa mvua unapofika, wekundu huo unakuwa wa kweli: udongo unageuka tope, malori yanazama hadi kwenye ekseli, madereva wanapika ugali kando yake kwa siku kadhaa, na vijana wa vijiji jirani wanalipwa kuyasukuma. Mwaka 2008 nchi ilijitungia sheria ya kuunda mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, na tangu hapo kila anayenunua lita ya petroli huchangia, hata yule anayeinunua kwa ajili ya kuoshea kabureta. Fedha hukatwa kwenye lita, hukatwa tena kwenye bariyeri, kisha msafiri humlipa kijana mwenye koleo papo hapo shimoni, na huyo wa mwisho, anayelipwa kidogo kuliko wote, ndiye peke yake ambaye kazi yake inaonekana.

Hapo ndipo sifa ya injini inapoacha kuwa mzaha. Injini ya 404 ni mbovu, lakini ubovu wake hausemi uongo. Bolti za kulasi zikifunguliwa kwa utaratibu, shemizi zikabanwa zisiinuke na kuachia maji yateremke kwenye mafuta, na uso wa aluminiamu ukapimwa kwa rula iliyonyooka, pale palipoungua kati ya mtungi na mtungi huonekana kwa macho, peusi, padogo kuliko ukucha, na mtu asiye fundi huweza kupawekea kidole na kusema: nguvu ilikuwa ikipotelea hapa. Hakuna bolti ya namna hiyo kwenye fedha za barabara. Mlipaji anaona zinapoingia, haoni zinapotokea, na akiuliza anaambiwa kauli inayojulikana Kongo nzima, ile ya Kifungu cha 15, kifungu cha katiba ya kuwaziwa kinachomwamuru kila raia ajitafutie njia. Mwenye 404 amekitii kwa miaka, akakata gasketi kwa mkono kutoka kwenye kadibodi, akatengeneza waya kwa waya, na bado anatakiwa awalipe wale ambao hawajatengeneza hata tuta.

Ombi basi ni moja, wala halina gharama kubwa. Kwenye kila bariyeri pasimamishwe ubao mweusi, kama ule wa darasani, uandikwe kwa chaki kiasi kilichokusanywa mwezi uliopita na kilomita zilizotengenezwa kwa kiasi hicho, na aliyelipa aruhusiwe kuusoma kabla kamba haijashushwa. Chaki zinauzwa sokoni Kamina, na ubao unaweza kupigiliwa na fundi yeyote kwa asubuhi moja.