Makumbi ya Minneapolis

Nyoka aliingia nyumbani kwetu mwezi wa Novemba, kafungwa ndani ya foronya. Jirani wa ghorofa ya juu alikuwa anahamia mahali pasiporuhusiwa wanyama, na mwanangu, mwenye miaka 14, alikuwa amempenda nyoka yule kwa miaka miwili. Baba yake alikataa mara tatu. Mara ya nne alinyamaza, na kwetu akinyamaza baba, jambo limepita.

Nilimpigia mama, kijijini kwetu Jambiani. Baada ya shikamoo na marahaba nikamweleza. Akavuta pumzi. "Mwanangu, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na mimi niliumwa kweli, shambani, kabla hujazaliwa." Mjukuu wake alikuwa anasikiliza pembeni. Jioni ile nyoka akapata jina: Ung'ongo.

Ni chatu mdogo, wa aina inayopatikana kuanzia Senegali mpaka kaskazini-magharibi mwa Uganda. Akiogopa hujiviringa donge na kukificha kichwa katikati. Akikua hufika mita moja na ushei, na akitunzwa vyema huishi miaka 20, hata 30. Hesabu hiyo ya miaka ndiyo iliyonikalisha kitako. Huyu angekuwa bado yupo mwanangu akiwa na watoto wake.

Jirani alikuwa akimtandikia magazeti. Magazeti hayana ubaya: yakichafuka unayakunja na kuyatupa, na uchafu unauona mara moja. Lakini mimi nimelelewa kwamba mgeni hatandikiwi magazeti. Nikaenda dukani, nikapitisha pua kwenye mifuko ya maranda, yale yale tunayowatandazia kuku nyumbani, nikachukua yaliyonukia kuliko yote. Yalikuwa ya mwerezi, mekundumekundu, yenye harufu ya sanduku la nguo za harusi. Nikayatandaza unene wa vidole vitatu. Nyumba nzima ikanukia, nami nikalala nimeridhika.

Asubuhi ya pili Ung'ongo hakuwa ndani ya kificho chake. Alikuwa amejinyoosha ubavuni mwa kasha la kioo, kichwa juu kabisa penye matundu ya hewa, mdomo umeachama, na kila akivuta pumzi pakasikika mluzi mwembamba. Mwanangu alikuwa amekaa sakafuni mbele yake, begi la shule mgongoni, analia bila sauti.

Daktari wa wanyama aliuliza swali moja tu: "Mmemlaza juu ya nini?" Nilipomjibu, akanieleza taratibu. Harufu ile niliyoipenda ni mafuta ya mti. Ndiyo yanayofukuza nondo kabatini, na ndiyo yanayoyachoma mapafu ya nyoka na kulitesa ini lake. Mwituni angejiondokea. Ndani ya kioo hana pa kwenda. Tena nyoka hana kiwambo cha kifua kama sisi, hawezi kukohoa kwa nguvu akakitoa kilichomwingia. Nilimsikiliza nimeushika mkoba kwa mikono miwili. Mkono uliomtandikia ulikuwa wangu. Nilichagua kwa pua yangu, na aliyekuwa avute hewa ile usiku na mchana si mimi.

Akarudi kwenye magazeti, kwa sindano na dawa, mpaka pumzi yake ikanyamaza.

Safari ya pili sikutaka kukosea. Nikanunua maranda ya aspeni, mti unaomea kwa wingi huku huku Minnesota: meupe, mepesi, hayana harufu. Ung'ongo akayachimbua kwa furaha, akajifukia akabaki pua. Tatizo likaja na Januari. Nje baridi ilishuka nyuzi 20 chini ya sifuri, mashine ya kupasha nyumba joto ikawa inanguruma usiku kucha, na hewa ya ndani ikakauka mpaka midomo yetu ikapasuka. Kipimo cha unyevu ndani ya kasha kilisoma asilimia 25. Chatu huyu anahitaji kama 60, kwa sababu kwao hushinda kwenye mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, ambamo ardhi hukaa na ubichi hata juu kukiwa kukavu. Alipojivua gamba, gamba lilitoka vipandevipande kama karatasi iliyochomwa na jua, na jicho lake la kushoto likabaki limefunikwa. Nyoka hana kope. Jicho lake hulindwa na kigamba kiangavu kinachotakiwa kuvuka pamoja na ngozi. Hiki hakikuvuka.

Nikawa nanyunyizia maji. Siku ya nne maranda yaliota ukungu, yananuka kama gunia la mchele uliolowa. Aspeni haistahimili maji. Nikayazoa yote saa sita ya usiku.

Mwanangu ndiye aliyesema tujaribu tofali. Akaagiza kwa pesa zake za sikukuu tofali la kilo 5, la kahawia, gumu kama jiwe. Sikuuliza ni la nini hasa. Jumamosi alfajiri akaliweka kwenye hodhi la bafuni, akafungulia maji ya uvuguvugu, akaenda kumtazama Ung'ongo, akasahau. Tofali la kadiri hiyo huvimba likapita lita 60. Lilivimba, likamomonyoka, likaelea, likaziba tundu la kutolea maji. Baba yake alirudi kutoka kazi ya usiku, akaingia kutia udhu, akakuta uji wa kahawia umeshuka hodhi, umepita mlangoni, unaingia kwenye zulia la ukumbini. Aliita jina langu kwa sauti ambayo sijaisikia tangu siku nilipojifungua.

Nikakimbia na ndoo. Nikapiga magoti kuzoa, na mikono ilipozama, nikaijua harufu ile kabla ya kufikiri.

Makumbi.

Lebo ilisema limetoka Sri Lanka, lakini mikono yangu ilikuwa Jambiani. Maji yakishatoka, mama na wenzake wakifukua makumbi ya nazi waliyoyafukia mchangani miezi kadhaa, yameshaozeshwa na bahari, wakiyaponda kwa magongo mpaka usumba ukajitenga, wakausokota kamba. Lile vumbi la kahawia lililodondoka miguuni mwao halikuwa na thamani. Ndilo hili, limeshindiliwa tofali, limevuka bahari mbili, limenijia bafuni kwangu huku theluji ikianguka dirishani.

Nilimpigia mama nikiwa bado nimepiga magoti. Alikaa kimya kidogo.

"Yameoshwa chumvi?" akauliza.

Nikasoma lebo. Yameoshwa, na hayana mbolea.

"Basi kamua. Chukua konzi, kamua mpaka maji yasidondoke, lakini ukifumbua kiganja lisimomonyoke. Ukiliacha chapachapa utamwozesha tumbo."

Mama hajawahi kufuga nyoka, wala hakuambiwa na mtu kwamba chatu akilalia majimaji magamba ya tumboni hufanya vidonda. Alijua makumbi tu.

Tulikamua sote watatu, baba yake akiwa bado amekunja suruali. Tukajaza kasha kina cha sentimita 8, tukachanganya na vipande vya gome la mti visigandamane. Siku hizi nikiona pamekauka namimina maji pembeni, yanashuka chini na juu panabaki pakavu. Panya wake tunampa juu ya sahani, asimeze nyuzi. Upande wa joto ni nyuzi 31, wa baridi 26, na unyevu unacheza kati ya 60 na 65.

Mwisho wa Februari macho yake yaligeuka ya buluu, kisha yakatakata, na usiku mmoja nikasikia mchakacho mwembamba. Asubuhi gamba lilikuwa juu ya makumbi, zima, limegeuzwa nje ndani kama soksi. Mwanangu alilitandaza juu ya meza, akalifuata kwa kidole toka mkiani mpaka kichwani, akainama na tochi ya simu. Vigamba vya macho vilikuwapo: cha kulia kimoja, vya kushoto viwili, kile cha Januari kimegandia juu ya kipya.

Tukampelekea mama picha. Akajibu kwa sauti: "Hilo ndilo gamba la Ung'ongo? Lisitupwe. Nataka nilishike mkija."