Sifa za Mkono Mwekundu na Mdogo Wake wa Njano

Watu wa lugha hii hawana uchoyo wa sifa. Mnazi umesifiwa, jahazi limesifiwa, kanga imesifiwa mpaka rangi ikakaribia kuchuja. Sina ugomvi na kanga. Ninachosikitikia ni ile mikono miwili mifupi ya Land Rover ya zamani, mmoja wa kirungu chekundu na mwingine wa kirungu cha njano, ambayo imetukanwa kuanzia Loliondo hadi Baragoi, ikapigwa mateke, ikagongwa nyundo, na mpaka leo sijasikia aliyeitungia hata ubeti mmoja.

Kwa wasioijua, nieleze. Ndani ya Land Rover za Series II na Series III, zikiwemo zilizounganishwa Thika, dereva ana mikono mitatu. Ule mrefu ni wa gia. Huo tuuache, maana unatii, na kitu kinachotii hakina habari. Mwekundu unachagua mwendo wa juu, wa barabara ya kawaida, au mwendo wa chini, wa mlima na matope. Wa njano ni mwembamba na umesimama wima. Ukiubonyeza, magurudumu ya mbele yanaungana na ya nyuma kulivuta gari. Yote miwili inashuka sakafuni hadi kwenye kasha lililo nyuma ya giaboksi, ambalo mafundi wetu wanaliita transfa.

Sasa tazama adabu yake. Dereva mgeni akiisha kutoka kwenye tope, anataka kurudisha gari kwenye magurudumu mawili. Anafanya ambalo binadamu yeyote angefanya: anaushika mkono wa njano na kuuvuta juu. Haupandi. Anauvuta kwa mikono miwili, mguu mmoja kaukaza kwenye dashibodi. Haupandi. Utaratibu ni huu: simamisha gari, kanyaga klachi, vuta mwekundu nyuma mpaka mwisho, kisha usukume tena mbele. Hapo wa njano utaruka wenyewe, ta! Yaani mdogo hainuki kitini mpaka mkubwa ainuke, akazunguke, arudi. Ni nyumba ngapi siku hizi zenye malezi ya namna hiyo?

Yapo maelezo yaliyoandikwa kwenye kibati pale mbele ya dereva. Yameandikwa kwa Kiingereza, yanaeleza kila kitu kwa ufasaha, na katika magari mengi yamepakwa rangi juu pamoja na dashibodi nzima. Hivyo elimu hii imebaki kuwa ya mdomo, hutoka kwa dereva kwenda kwa utingo, nayo hutolewa kwa ukali.

Fadhila kubwa kuliko zote inaonekana kwenye lami. Transfa ya Series haina difu ya kati. Ukibonyeza wa njano, ekseli ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja, zizunguke sawasawa. Lakini gari likikata kona, magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye matope tofauti hiyo humalizwa na utelezi, tairi likateleza kidogo na maisha yakaendelea. Kwenye lami hakuna pa kutelezea. Shafti zinajipinda, meno ya gia yanakabana, usukani unakuwa mzito, na ukijaribu kuvuta mkono mwekundu unakuta umegeuka nguzo. Wajinga husema umeharibika. Haujaharibika hata kidogo. Unakueleza, kwa njia pekee uliyopewa, kwamba umeshafika kwenye lami na hukuwa na habari.

Dawa yake inajulikana: rudi rivasi mita chache, huku unauchezea mkono, mpaka ule msokoto uachie. Ndiyo sababu gari lililopita udongo mweusi wa mfinyanzi kwa kishindo, likavuta na malori mawili ya watu wengine, huonekana likiingia stendi kinyumenyume, dereva kafumba mdomo, abiria wanatazama upande wa pili. Gari gani jingine linamfundisha mtu unyenyekevu katikati ya ushindi wake?

Kisha kuna kuchomoka. Uma unaosukuma gia ukilika, au springi inayoshikilia mkono mahali pake ikichoka, au meno yakipoteza ncha, mkono mwekundu huanza kuwa na maoni yake. Hupenda zaidi kuyatoa kwenye mteremko, dereva anapoondoa mguu kwenye mafuta na mzigo kugeuka upande. Unaruka wenyewe hadi katikati, injini inapiga kelele, na gari linashuka bila kushikwa na chochote isipokuwa breki, kama zipo. Wahubiri wengi wamezunguka nchi hizi kwa bidii, lakini sidhani kama kuna aliyewarudisha watu kwenye sala kwa kasi hiyo, tena wa dini zote kwa pamoja.

Na ajira je? Mkono unaochomoka unahitaji wa kuushika. Utingo anakaa katikati, anaukandamiza kwa goti kutoka juu hadi bondeni, na kwa kazi hiyo anapanda bure. Asipokuwepo, mpira wa tyubu unakatwa, mkono unafungwa kwenye fremu ya kiti, safari inaendelea. Bwana fulani mwenye gari alimwuliza fundi wake kama mpira ule ni wa muda. Fundi akamjibu, “Mzee, hapa duniani sote ni wa muda.” Akatoza na pesa.

Historia ya usanifu wa mikono hii, ukiitazama vizuri, ni historia ya wahandisi wakijaribu kuinyamazisha. Land Rover ya kwanza, iliyoonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, haikuwa na wa njano kabisa. Magurudumu yote manne yalikuwa yanavuta wakati wote, na mbele kuliwekwa kifaa cha kuyaachia yatangulie kwenye kona ili shafti zisijipinde. Dereva alipewa pete sakafuni, ya kuivuta akitaka kukifunga. Jambo zuri, la kistaarabu, na likaondolewa mwaka 1950, mkono wa njano ukazaliwa. Hapo Waingereza waliona mbali: pete ya sakafuni huwezi kuitukana uso kwa uso.

Mwaka 1970 ikaja Range Rover na difu ya kati, na kwa mara ya kwanza tajiri akaweza kukata kona kwenye lami bila kuombewa. Mwaka 1983 Land Rover One Ten ikafuata mkondo huo. Baadaye One Ten ikajulikana kwa transfa ya LT230, mikono miwili ikiwa imeunganishwa kuwa mmoja: mbele na nyuma ni mwendo wa juu na wa chini, kwenda pembeni ni kufunga na kufungua difu ya kati. Ikasemwa kuwa ni maendeleo. Lakini damu haipotei. Mkono huo mpya ukikaa miaka bila kusogezwa pembeni, kwa kuwa mwenye gari anaishi mjini na tope analiona kwenye picha, viungo vyake vinashika kutu na unagoma kabisa kwenda upande wa kufunga. Siku mvua ikimkuta porini, tajiri anafahamu kwamba alikuwa anadharau mtu. Mafundi wanashauri uchezewe mara kwa mara, kwenye ardhi laini, hata kama huna haja nao. Ni wakwe wachache wanaodai kutembelewa kwa utaratibu huo.

Kwa haki lazima nitaje upande wa Toyota, ingawa wapenzi wa Land Cruiser hawataki kusikia. Baadhi ya zile za zamani ziliachia kazi ya kuunganisha magurudumu ya mbele kwa mvuto wa hewa kutoka kwenye injini: unavuta kitufe, hewa inanyonywa kwenye kimpira, kimpira kinavuta kila kitu. Kikipasuka, unavuta kitufe na hakuna kinachotokea, wala hakuna sauti, wala dalili. Unaingia kwenye tope ukiwa na imani kamili. Huo ni unafiki. Mkono mwekundu ukikukataa unakukataa mbele ya watu.

Na wa njano una ustahimilivu wa kubeba makosa ya wengine. Magari mengi yalifungwa habu za mbele zinazofunguliwa na kufungwa kwa vidole, ili magurudumu ya mbele yasizungushe shafti bure barabarani. Dereva anabonyeza wa njano, gari linasota palepale, mbele kumelala. Anaulaani mkono, anamlaani Mwingereza, anamlaani aliyemwuzia. Kumbe habu ziko wazi tangu Krismasi. Abiria mmoja anashuka, anazungusha moja, anazunguka upande wa pili, anazungusha nyingine, anarudi kukaa. Mkono haukudai kuombwa radhi.

Land Rover za ukoo wa One Ten ziliacha kutengenezwa Solihull tarehe 29 Januari 2016, mkono ukiwa bado upo. Defender mpya, iliyoonyeshwa mwaka 2019, mwendo wa chini unauomba kwa kubonyeza kitufe, taa inawaka, na mwanao wa miaka sita angeweza. Arusha walipofanya tamasha la Land Rover Oktoba 2024, magari ya zamani yakipanga foleni barabarani, dereva wa hiyo mpya angeweza kuyapita yote kwa raha, kiyoyozi kinavuma, bila mtu hata mmoja kumsimulia chochote.

Limebaki moja, ambalo kampuni za bima zingelipima kwa uzito wake. Mkono mwekundu ukiuacha katikati, si mbele si nyuma, injini inawaka vizuri lakini gari haliendi kokote. Wenye mashine za kuvutia magogo au kusukuma maji walilitumia hilo kuendesha mitambo yao gari likiwa limesimama. Wengine walilitumia usiku. Mwizi anaingia, anaunganisha nyaya, injini inaitika. Anaingiza namba moja, anaachia klachi: kimya. Namba mbili: kimya. Anajaribu hata rivasi. Anainama kuitazama ile mikono miwili mifupi, anagusa wa njano, unabonyea, hakuna kitu. Anakata shauri kwamba gari hili limekufa giaboksi, na kwamba mwenyewe ni maskini wa kuhurumiwa. Ataondoka na betri na jeki tu.