Shamba la Sebuleni

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na tangu hapo sisi wenye vijisenti hatulali tukiutafuta ushamba.

Pita mtaa wa Kiamunyi ujionee. Ploti ni hamsini kwa mia, geti la umeme, na sebule nzima ni ya "mtindo wa shambani". Mbao chakavu zimepigiliwa ukutani, gurudumu la mkokoteni wa punda limegeuzwa taa. Mtungi wa maziwa wa alumini umetiwa maua ya plastiki, na tafadhali usithubutu kuunyoosha: kule kubonyea ndiko kulikolipiwa. Juu ya televisheni kumetundikwa kibuyu cha mursik ambacho hakijawahi kuonja maziwa wala majivu ya mti wa senetwet.

Mama mwenye nyumba alipotembelewa na mama mkwe kutoka Molo, mgeni alizikagua zile mbao kwa huruma, akauliza, "Mwanangu, fundi atamaliza lini?"

Mlowezi Lord Egerton wa Njoro alikuwa kinyume chetu. Yeye alikuwa na shamba la kweli, akajijengea kasri la mawe, 1938 hadi 1954. Sisi tuliuza shamba la baba tukajenga, na sasa tunalinunua upya, kipande kwa kipande, kwa muuza mapambo.

Ila ukihamia huku, usije na kuku. Kamati ya mtaa imewapiga marufuku. Eti wanaleta sura ya kijijini.